Boksi la Pikapu ya Mama

Honi ya pikapu ya mama ilianza kulia wakati mshenga wetu amefika kwenye maneno yenyewe. Alikuwa amekwisha kuwasifia wenyeji jinsi kahawa yao ilivyozaa, amekwisha kuishukuru mvua, amekohoa kidogo na kusema, "Sasa, wazee wetu, sisi tuliotoka ziwani tumeona ua katika nyumba hii..." Hapo gari likalia. Haikuwa honi ya mtu aliyegusa usukani kwa bahati mbaya. Ililia moja kwa moja bila kuvuta pumzi, pale uwanjani kwao, kijijini Mapera, kuku wakakimbilia migombani na akina mama wakatoka jikoni na miko mikononi.

Ndani ya gari hakukuwa na mtu.

Tulikuwa tumekwenda kumposea mdogo wangu. Sisi ni Waanglikana wa mwambao wa Ziwa Nyasa, watu wa muhogo na usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Wenyeji wetu walikuwa Wamatengo, Wakatoliki wa milimani, watu wa kahawa na mashamba ya ngoro, yale yanayochimbwa mashimo mashimo kwenye miteremko. Mama alijua tunatazamwa. Alikuwa ameiosha ile pikapu kijitoni kabla hatujapanda mlima, akaisugua hata matairi, na kitenge alichovaa kilikuwa hakijawahi kuingia majini.

Baba wa binti alingoja kwa adabu, akidhani honi itanyamaza. Haikunyamaza. Mshenga alijaribu kupandisha sauti juu yake, akawa kama mtu anayegomba. Kisha waipa zikaanza kufuta kioo kikavu, kwaru, kwaru. Milango ikajifunga kufuli kwa kishindo. Kioo cha upande wa dereva kikashuka taratibu mpaka chini, kama vile kuna mtu ndani anataka kutusalimia.

Mjomba wa binti, mzee mwenye utani, akamwinamia mama na kumwambia kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mama, naona hilo gari limekuja na posa yake lenyewe."

Watu wakacheka. Hata mshenga wetu alicheka. Mama hakucheka.

Niliinuka. Mimi ni fundi umeme wa magari. Nina kibanda changu nyuma ya stendi ya Mbinga, na kwa kawaida siendi mahali bila spana. Siku ile nilikwenda nimevaa gauni la kushonesha na viatu vya kisigino. Niliingiza mkono kwenye kile kioo kilichojishusha, nikafungua mlango, nikavuta kifyatulio cha boneti, nikachukua spana ambayo mama huiweka chini ya kiti, na kulegeza waya wa hasi kwenye betri. Honi ikakatika.

Nilirudi kukaa na mikono myeusi. Mama mwenye nyumba aliniletea beseni la maji na sabuni, akaninawisha mwenyewe. Nilimpenda yule mama tangu dakika ile. Mshenga akaanza upya, tukajibiwa vizuri, tukala, na harusi ikapangwa baada ya Pasaka. Mtu asingesema mambo yalikwenda vibaya. Lakini nilipomwangalia mama akiaga, niliona anashika mikono ya watu bila kuwaangalia usoni, na mama yangu si mtu wa hivyo.

Ili mtu aelewe aibu ile, lazima aelewe ile pikapu ilikuwa nini kwake.

Baba alifariki sisi tukiwa wadogo, na mama akaanza kufanya biashara ya usipa mkavu. Alinunua kwa wavuvi kule ziwani, akaanika, akajaza magunia, akapanda nayo juu ya malori ya watu mpaka Mbinga. Enzi hizo barabara ilikuwa ya vumbi, na masika ilikuwa tope tupu. Lori lilikuwa linakwama mlimani na abiria wanashuka kusukuma. Aliniambia kwamba siku moja, akiwa amelowa juu ya magunia, alichungulia kwenye kichwa cha lori akamwona dereva anabadili gia kwenye kona. Akawaza, huyu naye ana mikono miwili kama yangu.

Alijifunza kuendesha akiwa mtu mzima, mwenye watoto wanaovaa sare za shule. Aliyemfundisha alikuwa dereva mstaafu wa misheni, mzee mkali, na uwanja wao ulikuwa njia ya mchanga inayopita kando ya mihogo. Watu walitoka kuangalia kama wanaangalia mpira. Aliingia kwenye mihogo, akatoka, akaingia tena. Mpaka siku aliponunua ile pikapu ya milango minne, iliyokwisha kutumika na wengine huko ng'ambo, hakuna mwanamke mwingine wa upande wetu aliyekuwa anaendesha gari lake mwenyewe. Pikapu ile imepeleka wagonjwa hospitali, imebeba majeneza, imebeba kwaya. Imetusomesha. Nilipomwambia mama nataka kwenda chuo cha ufundi kusomea umeme wa magari, jamaa zetu walisema binti hawezi kulala chini ya magari ya watu. Mama aliwajibu, "Mimi nililala juu ya magunia ya watu," na kesho yake akanipeleka mwenyewe kwa pikapu hiyo hiyo.

Sasa gari hilo lilikuwa limemcheka mbele ya wakwe.

Tulishuka kutoka Mapera kwenda Mbinga nikiwa nimekaza tena waya wa betri na kuchomoa wa honi, mama akiwa kwenye usukani. Mdogo wangu na mshenga walikaa nyuma. Kumbe ugonjwa haukuanza siku ile. Mama aliniambia taa za ndani zilikuwa zinawaka zenyewe tangu mvua zilipoanza, betri inakufa kila asubuhi, na indiketa ya kushoto inajibu unapowasha ya kulia. Kuna mtu sokoni alimshauri awaite watu wa maombi, kwamba gari limeingiliwa. Badala yake alimpelekea fundi mmoja wa kule ziwani. Kazi ya fundi huyo nilikuwa naiona mbele yangu: alikata waya za taa kubwa, akaweka kwenye dashibodi swichi ya ukutani, ile ya kuwashia balbu ya chumbani.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukuniletea mimi?"

Alikuwa anakata kona. Alimaliza kona kwanza.

"Fundi wa watu akishindwa, nitamtukana," alisema. "Wewe ukishindwa nitamtukana nani?"

Nilikuwa nimedhani hanithamini, kumbe alikuwa anaogopa kunitukana.

Tulipofika mjini alizima gari mbele ya kibanda changu, akakaa huku ameshika usukani. "Siku ya harusi nitakodi gari," alisema. "Siwezi kwenda tena Mapera na hili."

"Niachie ufunguo."

"Ukishindwa je?"

"Nikishindwa, nitukane kama unavyowatukana mafundi wengine. Lakini niachie."

Aliuchomoa ufunguo na kuniwekea kiganjani, akanifunga vidole juu yake. Kisha akachukua mkoba wake na kwenda stendi, mdogo wangu na mshenga nyuma yake. Nilimwona akipanda basi la Mbamba Bay, la kwetu ziwani, mama yangu, mtu aliyekuwa hajapanda basi kwa miaka, akitafuta kiti kama mgeni. Nilirudi kibandani nikafungua boneti hata kabla sijabadili gauni.

Nilianza na mambo madogo, maana gari lina tabia ya kumwaibisha fundi anayekimbilia makubwa. Nilipima betri, ilikuwa nzima. Nilifungua sehemu zote ambazo waya wa hasi unafungwa kwenye bati la gari, nikazisugua zikang'aa. Nilipitia fyuzi moja moja. Nilitoa ile swichi ya chumbani na kuunga waya zilizokatwa, kila moja kwa rangi yake. Ugonjwa ukabaki vilevile. Nikikaa nje nikinywa chai, waipa zinaanza. Majirani walizoea; muuza ndizi wa upande wa pili alikuwa anazipungia mkono.

Magari ya zamani sana hayana shida hii. Swichi inapeleka umeme kwenye honi, basi. Lakini hii pikapu, ingawa ni mzee, ni mzee wa juzijuzi. Ndani yake, pembeni mwa miguu ya abiria wa mbele, nyuma ya kifuniko cha plastiki, kuna kontrol boksi ya bodi. Ni kisanduku cheusi kiasi cha kitabu kinene. Swichi zote zinapeleka maombi kwake: taa, honi, waipa, vioo, kufuli za milango. Yeye ndiye anayeamua na kugawa umeme. Nilichomoa plagi zake. Gari zima likanyamaza, likatulia kama mtoto aliyepata usingizi. Nikajua nimemkamata.

Nilipolifungua boksi lile, harufu ya unyevu ilitoka. Bodi ya ndani, kile kibao chenye njia za umeme, ilikuwa na kutu ya kijani iliyotambaa kutoka pembe moja mpaka katikati, na katikati ya vijistari vya shaba maji yalikuwa yamejenga madaraja yao. Ndiyo maana ombi la taa lilikuwa linafika kwenye honi. Hakuna jini wala kuingiliwa. Ni maji yaliyokosea njia. Nikachukua jagi nikamwaga maji juu ya kioo cha mbele, nikajilaza chini ya dashibodi na tochi mdomoni. Nilingoja. Baada ya muda niliona tone likitokea kwenye kona ya kioo, ambako mpira ulikuwa umekauka na kupasuka, likaufuata mkanda wa waya polepole kabisa, likateremka nao hadi pale boksi linapokaa. Masika nzima tone baada ya tone, na mama anapanda na kushuka mlima bila kujua.

Nilifurahi kiasi cha kucheka peke yangu chini ya dashibodi. Kulijua tatizo kuna utamu wake, na sijapata kitu kingine kinachonipa utamu ule.

Boksi lenyewe halikuwa la kuponyeka. Nikaenda kwa mzee mwenye duka la spea karibu na soko. Ni Mwislamu, babu zake walitoka Kilwa wakifuata biashara, lakini yeye amezaliwa Mbinga na anaongea Kimatengo kuliko mimi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mama yako hajambo? Usipa wake mwaka huu sijauona."

"Gari linaumwa, mzee. Ndilo lililonileta."

Nilimwonyesha boksi. Aliligeuza, akavaa miwani, akasoma namba zilizobandikwa ubavuni na kuanza kupiga simu. Ana watu kila mahali, Songea, Makambako, Dar, na wote anawaita "mwanangu". Siku chache baadaye lilikuja boksi kwenye basi, limefungwa kwenye gazeti. Umbo lile lile, plagi zile zile. Namba zilifanana zote isipokuwa herufi ya mwisho.

"Wengi wanafunga tu," mzee alisema. "Linawaka."

Nililifungua pale pale juu ya kaunta na kuliweka kando ya la zamani. Upande mmoja wa bodi ulikuwa mtupu, hauna vile vifaa vinavyohudumia vioo vya umeme na kufuli. Lilitoka kwenye gari la daraja la chini. Taa zingewaka, honi ingelia ipasavyo, na mama angepita siku ya harusi bila aibu. Pasaka ilikuwa inakaribia. Nilisimama pale nikilitamani.

"Hapana, mzee," nikasema. "Tutafute lenyewe."

Sikutegemea, lakini alitabasamu. "Mama yako naye hivyo hivyo. Akikuta kiganja kimoja cha usipa waliovunda, gunia zima analirudisha." Akachukua tena simu.

La pili lilikuja likiwa na herufi yake sahihi. Wakati nikilingoja, nilikuwa nimekwisha kukitoa kioo cha mbele na kukirudisha kwa mpira mpya na gundi. Ule mkanda wa waya niliupindisha ukaning'inia chini kuliko boksi, ili hata kama siku moja maji yatapita, yadondoke sakafuni kabla hayajafika. Halafu nikaondoa betri, nikafunga boksi jipya, nikarudisha betri. Taa zikawaka na kuzimika nilipotaka mimi. Waipa zilitii. Indiketa ya kushoto ilikumbuka kushoto. Nikakaa kwenye kiti cha mama, nikawasha injini.

Iliunguruma, ikazima. Nikarudia. Ikaunguruma, ikazima. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya ufunguo ilikuwa inapepesa.

Nilijua maana yake papo hapo. Boksi la aina ile linakumbuka ufunguo wa gari lake. Hili lilikuwa linakumbuka ufunguo wa gari la mtu mwingine nisiyemjua, labda lililopinduka huko Makambako, na ufunguo wa mama kwake ulikuwa wa mwizi. Mashine ya kulifundisha ufunguo mpya haikuwapo Mbinga, na hata ningeipata, lilikuwa boksi la aina isiyofuta kumbukumbu zake kirahisi. Nilikaa kwenye kile kiti. Nilimfikiria mama ndani ya gari la kukodi, ameegemea dirishani.

Kilichonijia ni jambo nililoliona mara moja tu chuoni, mwalimu alipolifanya na sisi tukiangalia. Kumbukumbu ya ufunguo haiko kwenye boksi zima. Iko kwenye kijidude kimoja cheusi kwenye bodi, kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye miguu minane. Kile cha mama kilikuwa kwenye pembe ambayo kutu haikufika. Ningekitoa kwenye bodi mbovu na kukihamishia kwenye nzima, boksi jipya lingeamka na kumbukumbu za lile la zamani. Lakini kuna hatari. Moto ukizidi, kinakufa, na kikifa hakuna kingine duniani.

Nilikwenda na bodi zote mbili kwa jirani yangu, fundi simu, kijana wa rika langu. Yeye ana mashine ya hewa ya moto na kioo kikubwa cha kukuzia. Nilimweleza. Aliitazama bodi kwa kioo chake, akarudi nyuma.

"Dada, mashine nakupa. Mkono wangu sikupi," alisema. "Mimi simu ya mtu ikifa mezani, nanunua nyingine namlipa. Gari la mama yako nitalilipa kwa kitu gani?"

"Basi niangalizie moto."

"Hilo naweza."

Tulifanya kazi ile mchana kweupe, mlango wa kibanda chake umefungwa kuzuia upepo. Nilishika kibano kwa mkono wa kulia na kuegemeza kiwiko mezani. Yeye alisogeza hewa ya moto kwa mizunguko midogo ili risasi ya kulehemu iyeyuke, akininong'oneza, "Bado... bado... risasi inaanza kung'aa... sasa." Nilikiinua. Kilitoka bila kung'ang'ania, kama jino la maziwa. Sikupumua mpaka nilipokiweka kwenye karatasi nyeupe. Kukiweka kwenye bodi nyingine kulikuwa kugumu zaidi, maana lazima kila mguu ukae mahali pake na nukta ya alama iliyo mgongoni mwake ielekee kule ilikoelekea mwanzo. Jasho lilinidondoka shingoni. Mguu mmoja ulikaa upande, tukarudia. Tulipomaliza nilipima kila mguu kwa mita ya umeme, halafu nikapima tena.

Fundi simu alinisindikiza mpaka kwenye pikapu. Aliuacha wazi mlango wa kibanda chake na simu za watu mezani. Nilifunga boksi, nikaingia, nikageuza ufunguo.

Injini iliunguruma, ikaendelea. Taa nyekundu ilizimika na haikurudi. Niliiacha ikiunguruma na kukaa nimeshika usukani kwa mikono miwili, nikisikia mtetemo wake mpaka mabegani. Nje, jirani yangu alikuwa anarukaruka kama mtu aliyefunga goli, na muuza ndizi aliuliza ni nani ameshinda.

Nilimpigia mama. Nilisema tu, "Njoo uchukue gari lako."

Alikuja kwa basi la asubuhi. Hakukaa, hakunywa chai niliyomwandalia. Aliingia kwenye gari na kulipima kama mwalimu anavyosahihisha daftari la mtoto anayemshuku. Kulia. Kushoto. Taa kubwa, taa ndogo. Waipa. Kila kioo chini, kila kioo juu. Kufuli. Alipiga honi, akatega sikio kusikia kama itaendelea yenyewe. Aliniagiza ndoo ya maji, akamwaga mwenyewe juu ya kioo cha mbele, akapapasa sakafu ya upande wa abiria kwa kiganja. Kikavu. Aliangalia pale dashibodi ilipokuwa na swichi ya chumbani, nilipopaziba vizuri kwa kipande cha plastiki cha rangi ile ile, akapitisha kidole.

"Panda," alisema.

Alishika njia ya Mpepai. Ni barabara ya changarawe, ina makorongo, na mama aliyapitia makorongo yote kwa makusudi. Mashamba ya watu yalikuwa yamepandwa vizuri kwenye miteremko, ngoro kwa ngoro, na mvua ya rasharasha ilianza, akawasha waipa, akazima, akawasha tena. Mahali fulani tulimkuta mwanamama anayenunua usipa kwake tangu zamani, amesimama kando ya barabara na mzigo wa maharage. Mama akasimama ampe lifti.

"Eh! Mama, gari limepona?" yule mwanamama aliuliza akipanda. "Walisema lina mashetani. Fundi gani amekutibia, wa Songea?"

Mama aliingiza gia. "Wa Songea wa nini?" alisema. "Fundi ninaye. Nimemzaa mwenyewe."

Niligeuza uso nikaangalia nje dirishani. Yule mwanamama alinishika bega kutoka kiti cha nyuma, akaanza kunipa pongezi na kuniuliza kama naweza kuangalia pikipiki ya mumewe, na mama akaanza kumweleza, kwa kirefu, habari za boksi, kutu, na kijidude cha miguu minane. Nusu ya maelezo hayakuwa sahihi. Sikumsahihisha hata neno moja. Aliyaeleza kama mtu anayesimulia vita ambavyo mwanawe alirudi akiwa mshindi.

Harusi ilifungwa kanisani Mapera. Wakwe zetu walitupokea kwa vigelegele, na yule mjomba mwenye utani aliizunguka pikapu mara mbili na kuiinamia, akaiuliza kama leo ina neno. Haikuwa na neno. Tuliipamba kwa vitambaa vyeupe na maua ya bustani ya misheni, na mchana tulipowaaga, bibi arusi alikaa nyuma na mdogo wangu, na nguo zake na sufuria alizotunzwa na shangazi zake vilifungwa kwa kamba kule nyuma kwenye sehemu ya mizigo. Mama mwenye nyumba, yule aliyeninawisha mikono, alinikumbatia kabla ya binti yake.

Tulipita Mbinga, tukashika lami ya kushuka ziwani. Mvua ilikuwa imenyesha na kuacha. Milima ilikuwa na kijani cha kuumiza macho. Kabla mteremko haujaanza kuwa mkali, pale hewa inapoanza kubadilika na kuwa ya joto, mama aliweka gari pembeni akavuta hendibreki. Nilidhani amesikia mlio. Alishuka, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wangu.

"Hamia kule," alisema. "Shuka nalo wewe."

Mama yangu hajawahi kumpa mtu usukani kwenye mteremko ule.

"Umechoka, mama?"

"Sijachoka. Miaka yote hii nashuka hapa naangalia barabara. Leo nataka kuangalia ziwa."

Nilihamia kiti cha dereva. Alikaa upande wa abiria, akashusha kioo, akavua viatu na kunyoosha miguu. Tulipokata kona ya kwanza maji yalijitokeza chini, mapana, ya buluu, na ng'ambo yake milima ya nchi nyingine. Mama akageuka nyuma kwa bibi arusi na kuanza kumwonyesha kwa kidole: kule ndiko wanakoanika usipa, kule ndiko shamba la muhogo, kile kijibati kinachong'aa ndicho kanisa letu, na ule moshi, bila shaka, ni wa jikoni kwetu, wamekwisha kuanza kukupikia. Bibi arusi alikuwa akiinama mbele aone vizuri, na kila alipouliza swali mama alimjibu kwa kirefu, bila kuangalia barabara hata mara moja. Nilishika gia ya pili, nikashuka taratibu.